Trela Linapoyumba

 

Twende mbali kidogo, jangwani New Mexico, Marekani. Usidhani jangwa ni joto tu. Nyanda zile ziko juu, na majira ya baridi theluji huanguka, upepo ukapiga ubavuni.

Dereva anavuta trela la kulala. Kitanda kimo, jiko limo, nyumba nzima inamfuata nyuma. Upepo unapiga. Trela linayumba. Linayumba kulia, linayumba kushoto. Mguu unakimbilia breki. Hapo ndipo penye hatari, maana gari likizuiwa ghafla, trela hulisukuma kutoka nyuma.

Dereva mzoefu hutoa mguu kwenye mafuta. Taratibu. Hushika usukani, ukanyooka. Kisha hugusa breki za trela tu, kwa mkono. Na kazi hiyo aliianza nyumbani, alipopakia, kwa sababu mzigo mzito ukikaa mkiani, trela huyumba hata kwa upepo mdogo. Upepo ukizidi, huegesha. Husubiri. Nampenda sana dereva huyo anayesubiri.

Nawe unatoka sasa. Umefunga mlango, nyumba inakufuata. Ule mzigo wako mzito wa leo, umeuweka wapi?