Mkunjo wa Kapeti ya Nyanya

Kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, hasa Desemba inapokaribia, hukosi kupishana na bodaboda iliyobeba kapeti mpya kuelekea Amukura. Imekunjwa mara mbili, ikakunjwa tena, ikabanwa kwa mpira wa tyubu nyuma ya abiria. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, mwenye mzigo husimama mara moja badala ya mbili. Kiti cha pikipiki, hata hivyo, hakijaongezwa upana. Kapeti inafika na mkunjo wake.

Mkeka wa mafunjo haukuwa na taabu hiyo. Uliviringishwa na kusimamishwa konani. Ukiukunja unavunjika, na kila mtoto alilijua hilo. Kapeti inaonekana kustahimili, ndiyo maana tunaionea.

Nyingi hununuliwa na wajukuu wanaofanya kazi mjini, ili sebule ya nyanya ipendeze watakapokuja sikukuu. Namjua ajuza mmoja aliyeletewa ya manyoya, nyekundu, mkunjo ukiwa umesimama pale pale mlangoni. “Mjukuu wangu,” alisema, “asante sana. Lakini hiki kitu chako ni kama mbwa aliyelala mlangoni. Mchana namwona, usiku namkanyaga.” Alikuwa anacheka, ila mkono haukuachia fremu ya mlango.

Mjukuu akaomba pasi ya makaa. Akakatazwa, na ilikuwa heri. Kapeti hizi nyingi ni za polipropilini, plastiki inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi za selisiasi, nayo pasi ya makaa haina wa kuipunguza ikishawaka. Nimeona nyumba ambamo mkunjo uliondoka kweli, ukabaki umbo la pasi, gumu, linang'aa. Kiti cha mgeni wa heshima huwekwa hapo juu.

Dawa yenyewe haina haraka. Asubuhi, kabla ya mvua za alasiri, kapeti inaanikwa kifudifudi kwenye jua. Mgongo wake ukipata joto unalegea. Unaiviringisha kinyume cha ilivyokunjwa, unaifunga kamba, unaiacha. Kabla ya kuitandika upya, pitisha kiganja sakafuni. Mara nyingi simenti imebonyea, au kuna kokoto, na kapeti inasingiziwa bure. Kisha weka kitu kizito juu ya alama. Gunia la mahindi la kilo 90 linashinda sofa, kwa sababu miguu ya sofa huacha vishimo.

Linaloniudhi ni kwamba kazi hii yote huwa tunaikumbuka wageni wakiwa njiani. Mgeni huingia mchana, viatu mkononi, akiangalia anapokanyaga. Anayetoka usiku wa manane kwenda choo cha nje, stima imepotea na tochi haionekani, ni mwenye nyumba, na mara nyingi ana miaka themanini. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawatembei tena kama zamani.

Kwa hiyo kwa ajuza yule gunia liliwekwa mlangoni, na wiki ya sikukuu ilipofika alama ilikuwa bado haijaisha. Mjukuu aliuliza kama liondolewe, watu wanakuja. Nyanya akajibu kwamba hao watu wana macho na wana miguu, walizunguke.