Mkono Uzungushao na Mkono Ushikao

Katika nyumba kongwe za Tanga yamo bado mabomba ya chuma kilichovikwa zinki, yaliyozikwa ukutani tangu enzi za mababu. Siku ya kulitengeneza bafu upya, fundi huchimbua ukuta akakikuta kiwiko kilicholiwa na kutu. Kimeoza, nacho hakizunguki. Je, kilicho kigumu kutoka ndicho kilicho imara?

La hasha. Zinki iliwekwa ili iliwe kwanza, chuma kisalimike. Ikishakwisha, maji hukifikia chuma na kutu huzaliwa. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa; huvimba ndani ya hesi na kuzibana kuliko alivyozikaza fundi wa kwanza. Basi ugumu ule ni kazi ya uozo wenyewe. Ndivyo zilivyo baadhi ya desturi: hazijashika kwa uzima wake, zimevimba mahali pake, na watu huuita uvimbe huo uimara.

Lakini kuujua uozo si ruhusa ya kutumia nguvu ovyo. Fundi mwenye pupa hutwaa spana moja akaning'inia. Kiwiko hakilegei, nguvu hupita katika bomba hadi kiungo kingine, ndani ya ukuta, na huko ndiko kunakovunjika. Aliyekuja kuondoa ubovu mmoja amezaa wa pili, katika kiungo kisicho na kosa.

Fundi mwenye busara hutwaa spana mbili. Moja hukizungusha kibovu. Ya pili hulishika bomba lisigeuke nacho. Hutia mafuta, akasubiri yapenye. Kikikataa, hukikata kwa msumeno, akijihadhari asizijeruhi hesi za bomba.

Kijana akutaye kwao desturi ya kumwoza binti asiyeulizwa, ana haki, bali ana wajibu, wa kuiondoa. Akiizungusha kwa mkono mmoja, kwa kuwatweza wazee mbele ya watu, mvunjiko utasikika kwingine: mama hatasemeshwa na nduguze, na binti aliyeokolewa hatakuwa na mlango wa kubisha. Mkono wa pili ulitakiwa kuushika udugu.

Atauliza mtu: je, subira hii siyo iliyoiachia kutu miaka yote? Swali ni la haki. Yuko fundi wa tatu, ambaye hupaka saruji juu ya kiwiko kibovu, akalipwa, akaenda zake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini upo uzibaji ambao ni ufichaji, na ukuta wake hulowa kutoka ndani. Huyo hana subira, ana woga. Tofauti yao ni nyepesi kupima: mwenye subira spana yake ya kwanza i kazini. Mkono ushikao, pasipo mkono uzungushao, huilinda kutu. Na uzungushao peke yake huivunja nyumba.