Alamu Inayolia Bila Mwizi

Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Sisi tunaokaa Xiaobei tunaijua hali hii. Saa nane usiku radi inapiga, na gari lililoegeshwa chini ya ghorofa linaanza kulia. Pikipiki za umeme zilizo jirani zinadakia. Sisi huko juu tunafanya nini? Tunamlaumu mwenye gari, tunavuta shuka, tunalala. Hakuna anayechungulia, maana tumeshazoea: ni radi tu.

Lakini fundi wa magari atatuambia jambo moja. Alamu ikilia ovyo hata siku isiyo na radi, huenda betri imechoka, au boneti haikufungwa sawasawa. Mwizi hayupo, ila shida ipo. Mwenye gari akikata waya, kelele zitakwisha, lakini asubuhi gari linaweza kugoma kuwaka.

Wapendwa, na sisi hulia hivyo. Jumapili iliyopita wawili kati yetu walirushiana maneno mlangoni baada ya ibada, mbele ya watoto, kwa sababu ya nafasi ya mzigo kwenye kontena. Wengi wetu tulinong'ona, "Huyo ndivyo alivyo." Tukavuta shuka. Hakuna aliyeuliza: ndugu huyu amelala vizuri lini mara ya mwisho? Viza yake inaisha lini? Nyumbani wamempigia mara ngapi wiki hii kuhusu ada ya shule, naye biashara imelala?

Tazameni Mungu alivyomtendea Eliya. Nabii aliyesimama imara Karmeli anakimbia tishio la Yezebeli, anaketi chini ya mti jangwani na kuomba afe. Bwana hakumkaripia. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, mara mbili. Maswali yalingoja. Ndipo Eliya akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu.

Hatusemi hasira ni halali. Mwenye alamu ndiye anayepaswa kushuka ngazi na kuwaomba radhi majirani. Aliyemjeruhi mwenzake aende akapatane naye. Lakini asikate waya tu, akanyamaza huku moyo umejaa. Afungue boneti mbele za Bwana: nimechoka wapi? Nini sikukifunga?

Na sisi majirani tushuke pia. Wiki hii, kabla ya kumhukumu ndugu anayefoka, tumpelekee sahani ya chakula, tukae naye, tumsikilize. Hao wawili tusiwaache wafike Jumapili ijayo wakiwa hivyo hivyo.

Ee Bwana, utusamehe pale tuliposikia kilio tukakiita kelele. Wape pumziko waliochoka katika mji huu, nasi utupe miguu ya kushuka ngazi. Kwa jina la Yesu, amina.