Jumanne: Kabla ya Kung'oa

Soma Mathayo 13:24–30. Kwa nini mwenye shamba aliwazuia watumwa wake wasing'oe magugu? Ni nini ambacho kingeharibiwa na haraka yao?

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, majira ya baridi yanapokaribia kwisha, majani membamba ya kijani huchomoza bustanini, wakati mwingine katikati ya theluji. Mtu aliyehamia nyumba hiyo karibuni huenda akadhani ni nyasi tu, akachukua jembe. Kumbe chini yake yamo matunguu madogo, mfano wa vitunguu, ambayo mtu mwingine aliyapanda miaka mingi iliyopita.

Hata maua yakifunguka, macho yaweza kukosea. Galanthasi na leukojamu yote mawili ni meupe, nayo huinamisha vichwa. Anayetaka kuyatofautisha hana budi kuinama karibu. Galanthasi ina petali tatu ndefu za nje na tatu fupi za ndani zenye alama ya kijani. Leukojamu ina petali sita zinazolingana, kila moja ikiwa na doa kwenye ncha yake. Aliyesimama mbali haioni tofauti hiyo.

Watumwa katika mfano wa Yesu hawakuwa na nia mbaya. Walilionea shamba uchungu. Lakini bwana wao alijua kwamba katika kukusanya magugu wangeweza kuing'oa na ngano pia.

Ndivyo ilivyo kanisani. Kijana amerudi baada ya miaka mingi nje ya kundi, naye ameketi kiti cha nyuma. Mavazi na usemi wake bado ni vya kule alikotoka. Akikemewa mlangoni Sabato yake ya kwanza, huenda asirudi tena, na neema iliyoanza kuchipua ndani yake ikakatwa kabla ya siku ya kuchanua. (Soma pia 1 Samweli 16:7 na 1 Wakorintho 4:5.)

Mfano huu haufuti nidhamu ya kanisa. Yesu mwenyewe alionyesha jinsi ya kumwendea ndugu aliyekosa, kwanza faraghani (Mathayo 18:15–17). Unachokataza ni kuuhukumu moyo kwa kutazama jani. Mavuno yana Bwana wake, naye anajua alichokipanda.

Je, yupo mtu katika kanisa lenu ambaye amekwisha kuhesabiwa kuwa gugu? Darasa lenu laweza kufanya nini juma hili ili kumkaribia na kumjua?