Nani Ana Haki ya Kuuza Nyumba?



Mwezi huu tuzungumze juu ya nyumba ya mabati, udongo na mawe: kuinunua, kuiuza na kuitengeneza. Jambo hili limetia baridi katika ndoa nyingi za Nairobi, hata ndoa za watu waaminifu, wasiolewa na wasiokosa Misa ya Jumapili.

Tuchukue mfano. Tumeubuni, lakini wengi wenu mtayatambua mambo yake.

Mume na mke wanaishi Kawangware katika chumba cha kupanga. Mume ni fundi wa ujenzi, mke anauza mboga. Miaka kumi iliyopita walinunua vyumba vitatu vya udongo huko Kibera, kijiji cha Gatwekera. Pesa za kununua zilitoka mfukoni mwa mume. Lakini tangu siku ile ni mke aliyekwenda huko kila mwisho wa mwezi kukusanya kodi. Mvua ilipobomoa ukuta, ni yeye aliyetafuta mtu wa kuusiriba. Mabati yalipotoboka, ni yeye aliyeyabadilisha kwa pesa za sukuma wiki. Na mpangaji aliyefiwa alipoomba kungojewa hadi tarehe 10, ni yeye aliyemsikiliza.

Siku moja broka anampigia mume simu. Kuna mnunuzi mwenye pesa taslimu, na wengine wawili wako njiani. Akingoja hadi kesho, bahati itampita. Mume anakwenda, anatia sahihi mbele ya mashahidi na kupokea pesa. Nia yake ni njema. Anataka kununua ploti yenye hati nje ya mji, ili siku moja jamaa yake itoke katika kupanga. Jioni anamweleza mkewe kwa furaha. Mke anamtazama, kisha anaendelea kukata mboga. Wiki nzima chakula kinapikwa na watoto wanakwenda shule, lakini neno halisemwi.

Mume anashangaa. "Mama watoto, nimekosa nini? Sikuzinywa pesa hizo. Sikumpelekea mwanamke mwingine. Zilikuwa zangu, na faida ni ya watoto wetu."

Je, amekosa?

Tumsikilize mume kwanza

Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Anayeijua Kibera anajua hofu yake. Mahali hapo palianza mapema katika karne ya 20, serikali ya kikoloni ilipowaweka huko askari wake Wanubi, na ardhi ikabaki ya serikali. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Lakini kwa wengine wengi wa Kibera, anayeuza nyumba huuza kuta na paa tu, si udongo ulio chini yake. Julai 2018 tingatinga ziliangusha nyumba, shule na makanisa ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mume mwenye busara anaweza kusema, "Heri niuze leo kuliko kupoteza kesho."

Sababu hiyo ni nzuri. Lakini jamani, sababu ikiwa nzuri, mbona isielezwe? Mtu huficha hoja dhaifu. Kama hofu ya tingatinga ilikuwa ya kweli, mke angeielewa upesi kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyekuwa akipita huko kila mwezi.

Broka anayesema "leo au kamwe" anajua analolifanya. Anataka kukutenga na mtu atakayekuuliza swali. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mara nyingi haraka ya soko ni njia ya kumwondoa mke au mume mezani.

Pesa za nani?

Mume anasema, "Zilikuwa zangu." Hapa ndipo kosa lilipo.

Siku ya ndoa hamkuahidiana kugawana faida kama wenye duka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaitaja ndoa kuwa ushirika wa maisha yote, na katika maisha yote imo kodi ya nyumba na bei ya mabati. Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kuwa mchango si pesa tu, bali pia kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya jamaa. Tena inakataza mali ya ndoa ya mke mmoja na mume mmoja kuuzwa au kuwekwa rehani bila kibali cha wote wawili.

Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali; kila mmoja ataonyesha alichochangia. Wengine walifurahi, wengine wakasikitika. Lakini angalieni: mahakama hupima michango ndoa inapokuwa imekwisha kuvunjika. Sisi tunatafuta isivunjike. Mke wa mfano wetu halii kwa ajili ya nusu yake. Analia kwa sababu miaka kumi ya kazi yake iliuzwa kana kwamba haikuwako. Angeulizwa, huenda angekubali kuuza hata kwa bei ya chini zaidi.

Ndiyo maana tunasema mume amekosa, ingawa hakuiba na nia yake ilikuwa njema. Kumuuliza mwenzako ni kukiri kwamba yupo.

Na siri ya mke?

Sasa akina baba watasema, "Mbona huwaambii akina mama?" Tutawaambia.

Wapo wake wanaoweka akiba katika chama kwa siri, hata wakanunua ploti kwa jina lao peke yao. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini, atakuambia alimwona jirani akifukuzwa na ndugu za mumewe kabla matanga hayajakwisha. Hiyo si tamaa, ni hofu.

Hatuwezi kusema siri ya hofu ni sawa na siri ya kiburi. Mke anayepigwa, au ambaye mumewe hunywa kila shilingi, ana haki ya kuwalinda watoto wake, na asihukumiwe na mtu. Lakini mke aliye na mume mwema akifanya hivyo, anamhukumu kwa makosa ya wanaume wengine. Heri amwambie, "Baba watoto, ninaogopa. Ukitangulia wewe, mimi na watoto tutalala wapi?" Mume atakayesikia maneno hayo asikasirike. Amjibu kwa karatasi: majina mawili katika hati au katika makubaliano ya mauzo, na wosia ulioandikwa.

Hata mkikubaliana, bado

Kuna jambo moja la mwisho. Katika Maandiko Matakatifu tunasoma juu ya Mfalme Ahabu aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Mkewe Yezebeli alimsaidia kulipata, na Nabothi akauawa. Mume na mke wale walikubaliana, lakini kupatana kwao hakukulifanya tendo lao kuwa jema. Mtu wa tatu ndiye aliyelipa.

Mtu huyo wa tatu yuko Kawangware leo. Ardhi nyingi ya huko ni mali ya watu binafsi, nao wengi wanabomoa vyumba vya mabati ili wajenge ghorofa za mawe. Ghorofa si dhambi. Choo kizuri na maji ya bomba ni heshima ya mwanadamu. Lakini mpangaji aliyelipa kodi miaka minane naye aulizwe, au angalau aambiwe mapema, ili asihamishe watoto katikati ya muhula wa shule. Novemba 2015, akiwa Kangemi, si mbali na Kawangware, marehemu Papa Fransisko alisema kwamba ardhi, makao na kazi ni haki takatifu. Mwenye vyumba vitatu anahusika na neno hilo kama vile mwenye ghorofa kumi.

Mashauri machache

Msitie sahihi siku mliyopewa bei. Jipeni siku saba. Mnunuzi wa kweli atangoja.

Nendeni wote wawili kuiona nyumba au ploti, na mwende wakati wa mvua. Nyumba njema si mlango.

Penye hati, ichunguzeni. Tangu 2021 kumbukumbu za ardhi ya Nairobi hutafutwa kupitia mtandao wa serikali wa Ardhisasa. Pasipo hati, kama Kibera, waulizeni majirani na wazee wa kijiji, wala msinunue kwa pesa msizoweza kuvumilia kuzipoteza.

Mmoja wenu akikataa, msimpite. Mwulizeni anaogopa nini. Mkishindwa, mwiteni padre au wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo mnaowaamini.

Na yule mume wetu afanye nini, maana vyumba vimekwisha uzwa? Asianze kwa kueleza hesabu. Aseme, "Nilikosa kwa kuuza bila kukuuliza." Kisha aziweke pesa mezani, ambapo wote wawili wataziona, na zisitumike mpaka mke ameiona ploti hiyo kwa macho yake. Naye mke asikae kimya tena. Kimya kirefu nacho ni mlango uliofungwa. Aseme kinachomuuma, halafu aseme anachotaka.

Maswali ya kujadiliana nyumbani, watoto wakiisha lala

1. Je, kuna mali, deni au akiba ambayo mwenzangu haijui? Ninaficha kwa hofu au kwa kiburi?
2. Nikifa kesho, mwenzangu atakuwa na karatasi gani mkononi?
3. Ni nani mwingine analala chini ya paa letu, au paa tunalotaka kulinunua, nasi hatujamuuliza?

Mungu azibariki nyumba zenu, za kupanga na zenye hati.