Mwenye Kulipa na Mwenye Kujua

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hili twawafundisha watoto wetu, nao hulielewa upesi, kwa kuwa nyumbani kila mtu amjua mkuu ni nani. Lakini pako mahali ambapo jambo hilo si wazi, napo ni katika safari ya kupanda Kilimanjaro. Hapo yupo mgeni aliyelipa, na yupo kiongozi aliyelipwa. Je, mkuu ni yupi?

Njia ya Marangu huitwa na wengi njia nyepesi, na kwa habari ya miguu ni kweli. Haitaki kamba wala ujuzi wa kukwea miamba, tena mtu hulala kitandani ndani ya nyumba. Siku ya kwanza hupita msituni mpaka Mandara, yapata mita 2,700. Siku ya pili hufika Horombo, yapata mita 3,700. Kisha huvuka nchi kavu isiyo na miti mpaka nyumba ya Kibo, yapata mita 4,700. Usiku wa manane huanza kupanda changarawe, akaufikia ukingo wa kreta, na kutoka hapo huendelea mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kwa hiyo wengi wasiopata kupanda mlima wo wote huichagua njia hiyo, wageni wa ng'ambo na vijana wa sharika zetu pia.

Walakini wepesi wa miguu si wepesi wa pumzi. Kule kileleni uzito wa hewa ni kama nusu tu ya ule wa pwani. Mwili huweza kuizoea hali hiyo, ila kwa kukawia, wala fedha haziuharakishi. Madaktari hushauri kwamba mtu akiisha kupita mita 3,000, asilale usiku huu juu kuliko jana kwa zaidi ya mita 500. Nasi tumeona kwamba kutoka Horombo mpaka Kibo ni mita 1,000. Ndiyo sababu wenye busara hukaa Horombo siku moja zaidi, safari ikawa ya siku sita badala ya tano. Ugonjwa wa mlima huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu. Ukidharauliwa, huenda mapafu yakajaa maji au ubongo ukavimba, na mtu akafa. Dawa yake kubwa ni kushuka. Tena ugonjwa huu haumhurumii mtu kwa sababu ya nguvu zake: kijana shupavu aweza kuanguka, na mama aendaye pole pole akafika.

Basi tazama yanayotokea usiku ule. Mgeni aanza kuyumba kama mlevi, au akohoa na kutweta hata akiwa ameketi. Kiongozi amwambia, "Bwana, turudi." Naye ajibu, "Nimeweka akiba miaka mingi kwa siku hii. Mwili ni wangu, na fedha ni zangu." Neno hilo lina nguvu, wala hatupaswi kulicheka. Ni kweli kwamba mtu mzima ana haki ya kujiamulia mambo yake. Tena yawezekana kiongozi mvivu amrudishe mgeni ili apate kulala mapema.

Lakini tupime vema. Mgeni huyu akianguka, hatashuka peke yake. Watu wengine watambeba gizani juu ya mawe yatelezayo, nao wana mama, wake na watoto wanaowangoja. Basi mwili ni wake, lakini hatari si yake peke yake. Na kwa habari ya kiongozi mvivu, dalili tulizozitaja si siri yake. Mtu asiyeweza kwenda sawasawa huonekana na wote. Fedha zimenunua kazi ya kiongozi, hazikununua ujuzi wake ugeuke kuwa ujuzi wa mgeni. Mwenye kulipa huchagua mlima, siku na njia. Uhai unapokuwa mashakani, mwenye kujua ndiye mkuu, ingawa ndiye aitwaye mtumishi.

Maandiko yametuwekea mfano katika habari za Naamani, jemadari wa Shamu. Alikuja na fedha na dhahabu na mavazi, akakasirika alipoagizwa kuoga Yordani, akageuka aende zake. Ni nani waliomwokoa? Kwanza kijakazi mdogo aliyemwonyesha njia, kisha watumishi wake waliothubutu kusema na bwana wao katika hasira yake. Uponyaji ulitoka kwa Mungu, lakini ulimjia kwa vinywa vya watu aliowazidi cheo. Naye alikuwa mkubwa kweli kweli alipokubali kuwasikia.

Wako wanaosema kwamba kurudi ni aibu. Hao na wakumbuke habari za Hans Meyer. Mwaka 1887 alijaribu kukipanda Kibo, barafu ikamzuia, akarudi. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kreta, wakaona kilele kingali mbali na siku imekwenda, wakarudi kambini. Siku tatu baadaye walifika kileleni. Kambini alikuwapo Mwini Amani, mtu wa Pangani, na wapagazi walipeleka chakula kutoka Marangu. Kama wasingalirudi siku ile ya tarehe 3, huenda tusingaliwasikia kamwe.

Hata hivyo lawama si ya mgeni peke yake. Kiongozi naye hujaribiwa. Yeye ajua kwamba bakhshishi hutolewa mwisho wa safari, na ya kwamba mgeni asiyefika kileleni huenda akafumba mkono. Akinyamaza kwa ajili ya hiyo, ameuza ujuzi aliokabidhiwa ili uokoe watu. Ninyi mnaopanda, msimtie mwenzenu katika jaribu hilo. Mwambieni tangu langoni kwamba aliyewarudisha salama atapata haki yake sawa na aliyewafikisha juu. Mpagazi pia mpeni ruhusa ya kusema, "Naumwa." Sheria ya mlima haimruhusu kubeba zaidi ya kilo 20, lakini hata mwenye mzigo halali huvuta hewa ile ile haba, na mara nyingi amevaa nguo duni kuliko zenu. Nanyi wenyewe msifiche maumivu ya kichwa. Kiongozi ajua mlima, lakini kichwa chako wakijua wewe, na ukimdanganya umemnyang'anya ujuzi wake.

Kilele kile kilipewa jina la Uhuru mwaka 1961, nchi ya Tanganyika ilipojitawala. Ni jina jema, lakini tusidhani kwamba uhuru ni kutokutii mtu ye yote. Mtu aliye mtumwa wa tamaa yake hawezi kurudi nyuma, hata akiona mauti mbele. Aliye huru aweza kusimama hatua chache chini ya kile alichokitamani miaka mingi, akamsikia aliyemwajiri, akageuka. Ndugu, atakayefanya hivyo asidharauliwe na mtu arudipo kwenu. Mpokeeni kwa furaha, mkamshukuru na kiongozi wake.