Nani Hayupo? Funzo la Ndege kwa Mwanafunzi Mwislamu



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyeumba mbingu na ardhi na akaeneza humo viumbe tusivyoweza kuvimaliza kwa hesabu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, nimeombwa niandike juu ya mapumziko ya mwanafunzi: muda ule unaobaki baada ya masomo, swala na kazi za nyumbani ameutumiaje? Nimechagua kuzungumzia ndege. Tangu Februari mimi ni mwanachama wa kikundi cha watazamaji wa ndege hapa mtaani Kinindo, na yale niliyoyaona huko yamenifanya nizisome upya aya ambazo nilikuwa nimezihifadhi tangu chuoni utotoni.

Kikundi chenyewe ni kidogo. Wamo walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa ofisini, Waislamu na Wakristo, na kiongozi wetu ni mzee mmoja aliyestaafu ualimu. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jamii kama mnavyojua, kwa hiyo tunatoka baada ya Adhuhuri na kurudi kabla ya Magharibi. Siku nyingine tunakwenda kwa miguu tu mpaka ufukweni mwa Tanganyika. Siku nauli ikipatikana tunafika Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, kule mto unakoingia ziwani, eneo ambalo tangu 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Darubini tunazo mbili, tunapokezana.

Huko kuna furukombe anayelia kwa kichwa kilichotupwa nyuma, mdiria anayesimama hewani kama aliyetundikwa kisha akajitosa majini, na wale ndege ambao mdomo wao wa chini ni mrefu kuliko wa juu, wanaopita wakichana uso wa maji kama mshona nguo anayekata kitambaa. Lakini Machi na Aprili safari zetu zina shabaha maalumu. Hiyo ndiyo miezi ambayo wageni wanaondoka. Mbayuwayu, korongo weupe na wengineo waliokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya wanarudi makwao, kwa sababu kule majira ya machipuko yanaanza na wadudu wanapatikana tena.

Naomba tuzingatie mambo matatu.

Kwanza, kutazama ni amri. Katika Suratul-Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anawauliza wanaokanusha kama hawajawaona ndege walio juu yao, wakikunjua mbawa na kuzikunja, na anatujulisha kwamba hakuna anayewashika hewani ila Yeye, Mwingi wa Rehema. Hili ni swali, ndugu zangu, na swali la Mola linataka jibu. Mtu ambaye hajainua kichwa kutoka kwenye simu yake tangu asubuhi atajibu nini?

Tena kila elimu inavyoongezeka, aya hii inazidi kung'aa. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wako waliodhani mbayuwayu wanalala kwenye matope chini ya maziwa. Mwaka 1822, huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika. Alikuwa amesafiri nao bara mpaka bara. Yumo hadi leo, amekaushwa na kuhifadhiwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kisha mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni nchini Uingereza, na Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini. Huyu ni ndege wa gramu ishirini hivi, chini ya uzito wa barua ndani ya bahasha nene, na safari yake ni ya kilomita kama elfu kumi. Hana ramani wala pasipoti. Nani anayemshika hewani?

Na katika Suratun-Nur, aya ya 41, tunaambiwa kwamba ndege wakiwa wamekunjua mbawa wanamtukuza Mola, na kila mmoja anaijua swala yake na tasbihi yake. Nimesimama ufukweni jioni, yangeyange wakirudi kulala mmoja baada ya mwingine, nikawaza: hawa wote wameshaijua yao. Mimi Alasiri yangu nimeiswali vipi?

Pili, kutazama kunafundisha kutegemea pamoja na kufanya kazi. Katika hadithi aliyoipokea Umar bin al-Khattab (r.a.) na kuisimulia Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) anatueleza kwamba lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ipasavyo, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege: wanatoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Wanazuoni wetu wamesisitiza neno moja hapa: wanatoka. Ndege hapelekewi riziki kwenye kiota. Mwanafunzi anayesema tawakaltu na huku hajafungua daftari, asijifananishe na ndege.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwisho wa kila safari, tukishaandika orodha ya ndege tuliowaona, mzee wetu hafungi daftari. Huuliza: "Haya, nani hayupo?" Katikati ya Aprili aliuliza hivyo tukiwa tumesimama chini ya nyaya za umeme. Tukamjibu kwamba wote wapo, mbona mbayuwayu hawa hapa wamejipanga wayani? Akatuambia tutazame vizuri. Wenye koo jekundu na mkia uliogawanyika kwa ncha mbili ndefu, waliokuwa hapo kwa makumi mwezi Machi, hakuna hata mmoja. Waliobaki ni mbayuwayu wa hapa hapa. Waya ulikuwa bado umejaa, na kwa sababu umejaa, macho yalitosheka.

Hapo nikamkumbuka Nabii Sulayman (a.s.). Katika Suratun-Naml, kuanzia aya ya 20, tunasimuliwa kwamba aliwakagua ndege. Alikuwa na jeshi la majini, la watu na la ndege. Nani angemlaumu kwa kutomwona ndege mmoja? Lakini aliuliza mbona hamwoni hudihudi, au ni miongoni mwa wasiohudhuria? Mfalme mwenye ufalme ambao hajapewa mwingine baada yake alijua kwamba mmoja hayupo, na alimjua kwa jina.

Tuendelee na kisa. Sulayman alitaja adhabu kali, lakini aliacha mlango wazi: isipokuwa hudihudi alete hoja iliyo bayana. Ndege akaja, naye kwa ujasiri akamweleza Nabii kwamba amelijua jambo ambalo yeye halijui, habari ya yakini kutoka Sabaa, ya malkia na watu wake wanaolisujudia jua. Sulayman hakumkatisha kwa sababu ya udogo wake. Alisema atachunguza kama ni kweli, akampa barua. Mwisho wa habari hiyo, malkia yule alisilimu pamoja na Sulayman kwa Mola wa walimwengu. Uongofu wake ulipitia kwa yule aliyekuwa hayupo, kwa sababu alikuwapo aliyeuliza, na aliyesikiliza kabla ya kuhukumu.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na tabia hiyo hiyo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti. Mtume hakumwona, akamuulizia. Wakamwambia amekwisha kufa na kuzikwa. Ni kama walidhani jambo lake dogo, hakuna haja ya kumsumbua. Akawauliza kwa nini hawakumjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akenda akamswalia. Wangapi kati yetu wanalijua jina la anayefagia msikiti wetu?

Sasa tuje kwetu. Wiki ile ya waya na mbayuwayu nilisimama nyuma katika chumba chetu cha swala baada ya Adhuhuri, nikajiuliza swali la mzee. Safu zilikuwa zimejaa. Lakini kijana mmoja aliyezoea kupanga viatu mlangoni hakuwapo. Niliwauliza wenzangu. Mmoja alidhani amebadilisha ratiba, mwingine alidhani anaswali kwingine. Tukaenda wawili kumtafuta. Familia yake ni ya Gatumba, miongoni mwa maelfu waliohama Mto Rusizi ulipofurika Aprili 2020, na sasa wanaishi mbali na chuo. Mafuta yalipoadimika mabasi yakawa machache, naye akawa anatembea. Alitembea mpaka viatu vikamshinda, akaacha kuja. Hakumwambia mtu kwa sababu, alivyotueleza, hakuona nani wa kumwambia.

Siku hizi analala kwa mwenzetu mmoja hapa Kinindo kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Vipindi alivyokosa havijafidiwa vyote, na mitihani inakaribia, tumuombee. Lakini naogopa swali hili: wako wangapi wengine, dada zetu na kaka zetu, ambao safu zilizojaa zinatuficha kwamba hawapo?

Katika Suratul-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anasema kwamba kila mnyama ardhini na kila ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ni umma kama sisi. Basi wao ni umma, na sisi ni umma. Korongo taji, yule tunayemwita umusambi, tangu 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ilijulikana kwa sababu kuna watu waliokuwa wakimhesabu mwaka baada ya mwaka. Itakuwa aibu umma wa mbawa upate wa kuuhesabu, na umma wa Muhammad (s.a.w.) ukose.

Najua kuna ndugu atakayesema kutazama ndege ni mambo ya Wazungu. Namkumbusha kwamba al-Jahiz wa Basra, aliyeandika Kitabu cha Wanyama, alifariki mwaka 255 Hijria. Namkumbusha pia ad-Damiri wa Misri, faqihi wa madhehebu ya Shafi, aliyekusanya habari za viumbe herufi kwa herufi na kuzieleza pamoja na hukumu zake za kisheria. Na kwa jirani zetu wa Nairobi, matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yamekuwapo tangu 1971, na yeyote anakaribishwa. Hapa kwetu kuna ABN, chama cha Burundi cha kulinda mazingira. Hatuanzi njia mpya, tunairudia.

Kwa atakayependa kujiunga, naongeza nasaha chache. Kutoka Kinindo mpaka Rusizi hakufiki masafa ya kupunguza swala, kwa hiyo Alasiri ni rakaa nne, kwa wakati wake. Wenzetu Wakristo wamezoea kutungoja na hawajawahi kulalamika. Chukua udhu nyumbani au beba chupa ya maji. Usisogee ukingoni kutawadha, kule kuna viboko na mamba. Dada zetu watoke kwa kundi, na wafike nyumbani kabla ya giza. Usirushe jiwe, usiguse kiota. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona ndege akihangaika kwa kunyang'anywa makinda yake, akauliza nani aliyemtia huzuni, akaamuru arudishiwe. Na usipopata darubini, macho uliyopewa yanatosha kuanzia.

Kisha Ijumaa hii, baada ya imamu kutoa salamu, usikimbilie viatu. Geuka utazame safu, uliza nani hayupo, na kabla jua halijazama umpigie simu.

Ewe Mola wetu, tupe macho yanayoona na nyoyo zinazozingatia. Uliyemrudisha hudihudi kwa Sulayman akiwa na habari ya kheri, warudishe kwetu ndugu zetu waliopotea machoni petu, na utujaalie tuwe wa kwanza kuwatafuta. Utujaalie safari zetu zote, ndogo na kubwa, ziishie kwako. Amin.

Wabillahi tawfiq.